Mapambo ya Krismasi ya Nyumbani Kwetu, kwa Mikono Yako

Wadogo zangu,

Tangu Novemba ianze kuyoyoma mmekuwa mkinitumia ombi lilelile kwa sura tofauti. Mmoja anauliza zile karatasi za rangi zilizokuwa zikipitishwa darini miaka ya 1980 zinauzwa wapi siku hizi. Mwingine alisafiri kwa basi na tawi la saiprasi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, likawa la kahawia kabla ya mkesha, na anataka kujua afanyeje safari hii. Wa tatu ameandika mistari miwili tu: mama yetu alifariki Machi, watoto wangu hawajawahi kuiona Krismasi ya nyumbani kwetu, nianzie wapi?

Huyu wa tatu ndiye nitakayemjibu kwanza, na wengine mtapata majibu yenu humohumo.

Mdogo wangu, pole sana. Krismasi ya kwanza baada ya msiba ni nzito, na sitakuambia ujikaze. Ninachokuomba ni usianzie dukani. Usianzie kwenye picha za simu pia, maana huko utaonyeshwa sebule za watu usiowajua, na utatoka na hamu ya vitu ambavyo mama yako hakuwahi kuwa navyo. Chukua kila pambo unalolikumbuka, ujiulize: lilitoka wapi?

Ukilifuatilia swali hilo utaona kwamba karibu kila kilichoning'inia sebuleni kwenu kilikuwa mabaki ya mwaka uliokuwa unaisha. Shule zetu zilikuwa zikifunga mwaka Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo madaftari yaliyokwisha yalijaa nyumbani wakati uleule mapambo yalipohitajika. Ndiyo maana minyororo yetu ya karatasi ilikuwa na hesabu za kugawanya na imla upande wa ndani. Kadi zilizotundikwa kwenye uzi kutoka dirishani hadi kabatini zilikuja kwa posta, na baadhi zilikuwa za mwaka juzi zikirudishwa kazini. Karatasi ya kung'aa iliyofunika nyota ilitoka ndani ya pakiti za sigara za mjomba. Theluji ya mtini ilikuwa pamba ya kusafishia vidonda, na kwa watu wa Pwani ilikuwa sufi iliyobaki baada ya kujaza mito. Chokaa iliyoandika "Heri ya Krismasi" ukutani ilibaki kwenye ndoo baada ya nyumba kupakwa kwa ajili ya wageni.

Kwa hiyo ukitaka kuirudisha sebule ya mama, fuata njia yake kwanza, umbo la vitu vyake litakuja lenyewe. Angalia mwaka wako umebakiza nini. Kalenda ya ukutani inayoelekea kuisha. Maboksi ya viatu. Mifuko ya khaki. Bahasha. Madaftari ya watoto. Vizibo vya soda kutoka kwenye sherehe ya kipaimara. Vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani aliyekushonea nguo ya harusi ya wifi yako. Hivyo ndivyo vyenye haki ya kupanda ukutani kwako mwaka huu.

Na kabla hujashika mkasi, wapigie simu ndugu zako, kila mmoja kwa wakati wake. Kumbukumbu ya nyumba haikai kichwani mwa mtu mmoja. Kifungua mimba anakumbuka kazi: nani alitumwa kuchuma matawi, gundi ilipikwa na nani, nani alipanda juu ya meza. Kitinda mimba anakumbuka rangi na mwanga, kwa sababu yeye alikuwa amebebwa akitazama juu. Shangazi anakumbuka mwaka ambao hakukuwa na fedha kabisa na mapambo yakafanywa kwa majani tu. Waulize mambo madogo madogo. Uzi ulifungwa kwenye msumari gani? Nani alikuwa na zamu ya kupuliza maputo? Andika majibu kwenye daftari. Kama mmoja wa wazazi bado yupo, mpigie yeye kwanza, leo, usingoje mkesha akiwa amezungukwa na wageni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitakaa zaidi kwenye vile mnavyoviuliza sana.

Mnyororo wa karatasi ndio wa kuanza nao, kwa sababu hata mtoto wa miaka minne ana nafasi yake. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ikate kwa upana huo, vipande vya sentimita tatu tatu, utapata vipande tisa. Kila kipande kikunje kuwa pete, ncha zipandane kwa sentimita moja na nusu, na pete inayofuata ipite ndani yake kabla hujaibandika. Kamba ya mita nne, ambayo inatosha kuvuka sebule ya kawaida, inahitaji pete 65 hadi 70, yaani karatasi nane hivi. Ukitumia kurasa za daftari la shule pete zitakuwa ndogo, basi ongeza idadi. Msizipake rangi kurasa zote. Acheni mwandiko wa mtoto uonekane hapa na pale, na ile tiki nyekundu ya mwalimu pia, maana hiyo ndiyo rangi nyekundu nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Gundi pikeni wenyewe. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina taratibu kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka iwe nzito na kung'aa. Unga wa muhogo unafaa vilevile, tena unanata zaidi. Ikipoa iko tayari. Tia kijiko cha siki kama unataka idumu siku kadhaa bila kuvunda. Gundi hii inapendwa mno na mende na panya, kwa hiyo kazi ikiisha jioni, minyororo ipande juu au ifungiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiiache mezani usiku.

Aliyeuliza kuhusu karatasi za darini, nadhani unasema karatasi za krepu, zile zenye mikunjo zinazovutika. Bado zinauzwa kwenye maduka ya steshenari na kwa wauza vifaa vya sherehe. Kata bunda zima likiwa bado limekunjwa, upana wa sentimita tano. Pande zote mbili za utepe zikate kwa mkasi vipande vidogo vidogo kama ndevu za mahindi, ila usifike katikati. Ukifungua, shika ncha moja, mwenzako ashike nyingine, mzungushe kinyume mpaka utepe ujisokote. Zipitisheni toka kona nne za chumba hadi katikati, kwenye taa, na hapo katikati fungeni maputo. Tahadhari moja: krepu ikilowa hutoa rangi, na rangi hiyo haitoki ukutani. Kama paa lenu linavuja, au dirisha halina kioo na mvua za vuli bado hazijakata, ziwekeni mbali na ukuta.

Wakenya wengi mtakuwa mnatabasamu hapa, kwa sababu kwenu kazi hii ilifanywa na tishu za msalani, za waridi na za samawati, mbili zikasokotwa pamoja. Fanyeni vilevile. Hakuna aibu. Ilikuwa njia ya busara kabisa ya kupata mita nyingi za karatasi laini yenye rangi kwa bei ndogo, na mtoto aliyelala kwenye kochi akatazama zile kamba zikipepea juu yake anazikumbuka hadi leo.

Kadi zina kazi yake maalumu. Siku hizi salamu zinakuja kwenye simu na uzi wetu wa kadi umebaki mtupu. Nendeni kwa wazazi, fungueni masanduku na yale makopo ya biskuti yaliyojaa sindano na risiti, mtakuta kadi za zamani. Msizitundike zile zenyewe, jua la dirishani litazififisha. Zipelekeni steshenari mkatoe kopi ya rangi kwenye karatasi ngumu, mbele na ndani, na mzitundike zikiwa wazi ili mwandiko usomeke. Mdogo wangu uliyefiwa, mwandiko wa mama yako ndani ya kadi aliyomwandikia dada yake una thamani kuliko pambo lolote nitakalokufundisha hapa. Omba kwa huyo mama mdogo. Akikupa, tengeneza kopi yako, umrudishie ya kwake.

Haya, mti.

Desturi ya kuingiza mti ndani ya nyumba na kuupamba imetoka Ujerumani, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Basi si ajabu kwamba watu wa Machame, Marangu na Mwika wana hadithi nyingi za saiprasi iliyosimama kwenye ndoo ya mchanga. Lakini si kila utoto ulikuwa na saiprasi. Pwani wengi walikata tawi la mvinje, wenye uwanja walipamba mti wa ashoki uliosimama nje, na Dodoma au Singida ungekuta tawi kavu la mwiba lililopakwa chokaa, miiba yake ikishika pamba bila hata kufungwa. Rudisha mti wa kwenu. Tawi la mwiba lililokuwa zuri machoni pako ukiwa na miaka saba bado ni zuri.

Wewe wa basi la Moshi: saiprasi iliyokatwa hukaa na rangi yake kwa wiki moja hivi, tena kama inakunywa. Kata tarehe 22 au 23, si mapema. Funga kitako kwa kitambaa chenye maji na mfuko kwa juu, usiiweke kwenye buti lenye joto. Ukifika, kata tena sentimita mbili za chini, isimamishe kwenye ndoo ya mchanga, na mimina maji kila siku. Mchanga uwe umelowa muda wote. Mvinje hupukutika haraka zaidi, kwa hiyo ukatwe asubuhi ya mkesha. Na tawi likatwe kwenye mti wenye mwenyewe, aliyekukubalia. Kukata kilele cha mti mchanga wa jirani ni kuuharibia umbo lake moja kwa moja.

Kuna mti mwingine unaopamba bila kukatwa, ule wa maua mekundu unaowaka mitaani kuanzia Novemba, ambao wengi tunauita mkrismasi. Asili yake ni Madagaska. Maua yake hayadumu kwenye chupa, yanasinyaa kesho yake. Yatumie kwa siku yenyewe, juu ya meza ya chakula. Hazina yake ni yale maganda marefu ya kahawia, mengine yanafika nusu mita, ambayo tuliyatikisa kama kayamba. Yaokote yaliyokauka, yafute vumbi, chora mistari ya chokaa, yafunge kwa uzi wa katani matatu matatu na kuyatundika mlangoni. Upepo ukipita mbegu zinalia. Hiyo ndiyo kengele ya mlango wetu.

Nimetaja katani. Mwaka uleule wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika huku kwetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na mashamba ya Tanga yakatokana nayo. Ninawaeleza haya kwa sababu mnaniuliza kila mwaka ni uzi gani wa dhahabu ufaao kununuliwa, na mimi nawajibu kila mwaka kwamba uzi wa katani wa hapa nyumbani ni wa dhahabu tayari. Chana nyuzi zake, ufunge vishada vidogo, vining'inize mtini karibu na taa. Utaona vinavyong'aa.

Vizibo vya soda vigongwe na mtu mzima juu ya jiwe mpaka vilale bapa, vitobolewe kwa msumari, vipitishwe kwenye waya. Kingo zake hukata, kwa hiyo watoto wapewe vilivyokwisha kugongwa. Makaratasi ya pipi yanakunjwa katikati na kufungwa kwa uzi, yanakuwa vipepeo. Na wale mnaopenda mbegu: maharage, mbegu za maboga, buni za kahawa, vyote tobo na uzi. Ila zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, msizitoboe wala kumpa mtoto azichezee. Zina sumu kali, na mbegu iliyotobolewa ni hatari kuliko nzima.

Unga wa chumvi unapendwa sana na watoto. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji kidogokidogo, kanda kama wa chapati ngumu. Kata nyota na ndege, toboa tundu la uzi kwa njiti, anika juani siku mbili tatu huku ukigeuza, au tumia jiko la oveni kwa moto mdogo kabisa. Anayekaa Mombasa, Tanga au Dar ajue kwamba chumvi huvuta unyevu, na nyota zitalegea kufikia Mwaka Mpya zisipopakwa vanishi. Anayekaa Iringa au Nakuru hana shida hiyo.

Sasa nyota kubwa, ile inayowaka dirishani. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, na ndiyo inayohitaji watu wawili wasio na haraka. Pasua fito tano nyembamba za mianzi zenye urefu sawa, sentimita 60 zinatosha. Kwa nyota ndogo chelewa za mnazi zinafaa. Zipange chini jinsi unavyochora nyota bila kuinua kalamu, funga ncha zote tano kwa uzi. Tengeneza nyota ya pili iliyo sawa nayo. Zilaze moja juu ya nyingine, uzifunge pamoja kwenye ncha tu. Kisha, katikati, pale fito zinapopishana, ingiza vijiti vitano vifupi vya sentimita kumi ili nyota mbili ziachane na kufura. Ukishindwa kuvikaza, mwite mtoto yeyote wa mtaani anayetengeneza tiara, atakuonyesha. Zungushia karatasi laini za tiara, nyekundu au njano, kwa gundi yako ya unga, uache upande mmoja wazi wa kupitishia taa.

Taa, nimesema. Taa ya betri. Zamani tuliweka mshumaa au koroboi na Mungu akatulinda, lakini karatasi ni karatasi, na saiprasi iliyokauka ina mafuta yanayolipuka kwa moto. Hata umeme ukikatika usiku wa mkesha, mshumaa ukae mezani kwenye sahani, mbali na mti na mbali na krepu.

Waliokulia kwenye familia za Kikatoliki mtaniuliza kuhusu pango. Fransisko wa Asizi alipotengeneza hori lenye nyasi, ng'ombe na punda pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia vitu vya kijiji kile. Nanyi tumieni vya kwenu. Mwamba wa pango hutengenezwa kwa mifuko ya saruji: ikung'ute nje ya nyumba, ifinyange kwa mikono mpaka ilainike, ichovye kwenye maji ya udongo na majivu, iegemeze kwenye boksi, iache ikauke na makunyanzi yake. Nyasi mbichi mnazipanda. Chukua mfuniko mpana au sahani ya bati, tandaza pamba iliyolowa, nyunyiza ulezi karibu na tarehe 13 au 14, mwagia maji kidogo kila asubuhi, na siku ya mkesha mtakuwa na uwanda wa kijani mbele ya pango. Watoto wafinyange ng'ombe wa udongo, wale wale wenye nundu na pembe ndefu. Wakaukie kivulini polepole, jua kali litawapasua. Mariamu na Yosefu wanaweza kufungwa kwa magamba makavu ya mgomba, yakiloweshwa kwanza ili yasivunjike. Mtoto Yesu afichwe hadi usiku wa tarehe 24, na atakayemweka awe mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Na vitambaa. Vipande vya vitenge kwa fundi ni vya bure au karibu na bure, ukimuomba vizuri kabla hajavitupa. Kata pembetatu, shona kwenye utepe, umepata bendera za mlangoni. Wenye bibi anayejua kusuka ukili, hii ni fursa. Nunua ukindu, chemsha na rangi ya unga, uloweke kabla ya kusuka usije ukakatika, halafu kaa chini akufundishe. Usimwombe akusukie. Mwombe akuonyeshe, hata kama nyota yako itapinda.

Lakini kanga za mama, mdogo wangu, usizikate. Najua utashawishika, maana nimeona watu wakishauriana kushona mapambo kwa nguo za marehemu. Pambo ni la wiki mbili, na kanga ya mama utaihitaji siku nyingine ambazo huzijui bado. Itandike juu ya meza ya Krismasi, au itundike ukutani jina lake likisomeka, watoto waulize, uwaeleze aliinunua lini na alimfungia nani mgongoni. Kama ipo iliyochanika tayari, chukua upande uliochanika tu, ukate mioyo midogo, uijaze sufi au pamba, na kila ndugu yako apelekewe wa kwake. Hapo nitakubaliana nawe.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniuliza, nalisema kwa kuwa nawapenda. Nyumbani kwako si wewe peke yako uliyekuwa na utoto. Mume wako alikuwa nao Bukoba, labda mlango wao ulipambwa kwa migomba miwili iliyosimikwa mzimamzima pande zote mbili. Mama mkwe ana wake. Na yule binti anayekusaidia kazi, ambaye huenda hatapata nauli ya kwenda kwao mwaka huu, naye ana sebule yake kichwani. Mwulize kwao wanafanyaje. Mpe karatasi na mkasi na muda, si baada ya vyombo bali badala ya vyombo, atengeneze kitu kimoja cha kwao kikae mahali pa heshima. Nimeona mabinti walioishi na familia kwa miaka bila kuulizwa hata mara moja walivyosherehekea kwao, na nahuzunika kila nikilikumbuka.

Watoto wa majirani Waislamu wakija kukata karatasi na wako, wakaribishe. Mitaa yetu imezoea hivyo, sahani za pilau zinavuka uzio Krismasi na zinavuka tena Idi.

Watoto wako wakitaka taa za plastiki zinazoimba na kubadilisha rangi, msigombane nao. Wawekee pembeni moja ya kwao. Wao nao wanajenga utoto wao, na ukiyafanya mapambo yako kuwa adhabu kwao watayachukia. Kaa chini na wewe uanze kukata, usiwaite. Watakuja wenyewe baada ya muda mfupi, kwa sababu mtoto hawezi kuona gundi ikipikwa jikoni akaendelea na shughuli zake.

Kwa walio mbali, Minnesota, London, Muscat, Kinshasa, nanyi mmeniandikia. Maganda ya mkrismasi huenda wengine msiyapate huko, ila mabaki ya mwaka yapo kila mahali: tiketi, bahasha za mshahara, ramani za treni, mifuko ya mchele. Tengenezeni mnyororo kwa hivyo, na mmoja wa nyumbani awaimbie kwenye simu mkibandika.

Na wapo ambao utoto wao haukuwa na sebule ya kukumbukwa. Baba alilewa kila sikukuu, au mlihamishwa hamishwa kwa ndugu, au hapakuwa na chochote. Nanyi nawasoma. Hamna deni la kurudisha kilichowaumiza. Chagueni kitu kimoja mlichokiona kwa jirani au kanisani mkakitamani, ile nyota labda, mkitengeneze mwaka huu kiwe chenu. Kuanzia mwakani kitakuwa cha nyumbani kwenu kama kilivyo cha mtu mwingine yeyote.

Mapambo yashuke baada ya Sikukuu ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari, kabla shule hazijafunguliwa na kila mtu kuwa na haraka. Minyororo na krepu zitupwe, hazikutengenezwa zidumu. Ng'ombe wa udongo warudi kwa watoto wakachezewe mpaka wavunjike. Nyota za chumvi zifungiwe kwenye kopo lenye punje za mchele mkavu, nyuma ya kila moja pakiwa na jina la aliyeitengeneza na mwaka. Nyota kubwa ing'olewe karatasi kabla mende hawajaifikia, fito zake zifungwe kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Na tafadhali, toeni betri kwenye taa, zikivuja zinaharibu kila kitu.